Kadiri Nilivyopanda Ngazi, Presha Nayo Ilipanda

Barua ya kwanza niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, ilikuwa barua ya kuiaga dunia.

Mwalimu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akanipa nane juu ya kumi.

Msicheke bado. Ngojeni niwaeleze nilivyofika hapo, kwa maana huenda kuna mama mwenzangu anayesoma haya akiwa katika njia ileile, naye hajui.

Mimi ni fundi cherehani. Katika karakana yetu ya sare za shule, mmoja hushona mikono, mwingine mifuko, mwingine hutia vifungo. Mimi nimeshona kola kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana wenzangu wananiita Mama Kola. Nakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Kinachotembea ni mguu mmoja tu, ule wa kwenye pedali.

Nyumbani, ghorofa ya nne, naishi na dada yangu mkubwa. Miaka mitatu kabla ya mkasa huu alipigwa na kiharusi akiwa anaanika nguo. Upande wa kulia ulikufa, maneno nayo yakamwishia. Limebaki moja: "Basi."

Akitaka maji, basi. Akitaka kugeuzwa, basi. Akilia, basi.

Mchana jirani humtupia jicho. Saa nyingine zote ni zangu: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza.

Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba presha yangu ni 168 kwa 102, sikujifikiria mimi. Nilimwona dada. Nami nikilala kitandani, nani atamgeuza mwenzake?

Hedhi ilikuwa imenikoma miaka minne nyuma. Kabla ya hapo, presha nilikuwa naisikia kwa watu.

Pale karakanani yuko fundi wa mifuko tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Yeye alinieleza kuwa jambo liko wazi kabisa: damu iliyokuwa ikitoka kila mwezi sasa imekosa mlango, inajaa ndani kama tangi lisilo na bomba.

"Hesabu mwenyewe, Mama Kola. Miaka minne ni miezi mingapi? Hizo ni ndoo, mama."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni nilihesabu. Arobaini na nane.

Daktari alinipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi, na nitembee kwa haraka nusu saa, siku nyingi za wiki. Kisha akasema neno nililolishika kwa mikono miwili: mazoezi hushusha presha.

Labda aliongeza kwamba hushusha polepole, kwa wiki na miezi. Sijui. Mtu mwenye hofu husikia nusu.

Binti yangu, anayefanya kazi mji mwingine, alinitumia kipimo cha kufunga mkononi, kile kinachosoma chenyewe. Namba nilikuwa nimeshazifahamu, kwani nilikuwa mwaka wa pili katika darasa la kusoma na kuandika la watu wazima. Nikatenga daftari.

Asubuhi ya kwanza nilitembea hadi mwisho wa barabara na kurudi, nikapanda ngazi themanini na nne bila kupumzika, nikafungua mlango. Nikiwa nimesimama, kifua kinapanda na kushuka, nikajifunga kipimo.

Msinishangae. Karakanani, kola hupimwa inapotoka chini ya pasi, ingali ya moto. Ukisubiri ipoe, imeshafika kwa mwenzako, na kosa ni lako. Kwa miaka kumi na tisa mkono wangu umezoea jambo moja: fanya, kisha pima papo hapo.

Kipimo kilisoma 179 kwa 98.

Nikajipa moyo kwamba ni siku ya kwanza. Kesho yake, 182. Wiki iliyofuata, 186.

Nikaona mazoezi hayatoshi. Nikaanza kuzipanda ngazi mara mbili, kisha mara tatu, kisha nikiwa na ndoo ya maji mkononi. Jirani wa ghorofa ya pili aliniuliza kama nimesahau kitu huko juu. Nikamjibu kuwa nimesahau afya, nikaendelea kupanda.

191.

Vidonge nilivimeza bila kukosa hata kimoja. Chumvi niliiondoa jikoni kabisa, hadi siku moja dada akaonja mboga, akanitazama, akasema, "Basi." Hiyo niliielewa bila mkalimani.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi kwa daktari. Tarehe yangu ilikuwa bado. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuambiwa kwa mdomo wa mtu kile ambacho kipimo kilikuwa kinaniambia kila asubuhi. Kama dawa imeshindwa, na mazoezi yameshindwa, kilichobaki ni nini?

Wiki ya saba, 197.

Nilikaa sakafuni karibu na kitanda cha dada. Nilimwomba Mungu anipe mwaka mmoja tu zaidi yake, mmoja tu, nimzike mimi, asibaki yeye peke yake. Ombi gani hilo la kumwombea dada yako? Lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Basi," alisema dada.

Nikainuka nikamgeuza.

Wiki hiyohiyo Mwalimu alitupa kazi ya kumwandikia ndugu barua. Mwalimu wetu ni mama mstaafu wa miaka sitini na tatu, mkavu, mwepesi, mwenye ulimi usiosaza mtu. Ndiye aliyenishika mkono nilipoandika herufi yangu ya kwanza. Wenzangu waliandika salamu na habari za wajukuu. Mimi niliandika hivi:

"Binti yangu mpendwa, natumaini hujambo. Mimi sijambo ila ninakufa. Presha imekataa mazoezi. Mama yako mkubwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mto ukae chini ya bega la kulia. Chakula kiwe laini. Akisema basi, mtazame macho, usisikilize mdomo. Usimpeleke kwa watu. Nisamehe kwa kukuachia mzigo. Ni mimi mama yako."

Mwalimu aliipitia haraka, akatenganisha maneno mawili niliyoyaunganisha, akaandika alama, akasogea dawati la mbele.

Kisha akasimama. Akarudi. Akaisoma tena, safari hii bila kalamu.

"Mama Kola, barua hii ni ya darasani au ni ya kutumwa?"

"Ni ya kutumwa, Mwalimu. Nilikuwa nasubiri alama."

 Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, kazipanda zile ngazi zote bila kuhema, akanichukua hadi zahanati kama mtoto aliyetoroka shule.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoteremka puani. Nilimkabidhi daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, nami nikamtazama usoni kama mtu anayesubiri hukumu.

Akauliza huwa najipima wapi. Nikasema mlangoni. Nimekaa? Nimesimama. Na baada ya kupanda, hupumzika muda gani?

"Sipumziki. Napima papo hapo, kabla haijapoa."

Nesi akavua miwani.

Aliniketisha, mgongo kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza, akaniamuru nifunge mdomo kwa dakika tano. Katika maisha yangu sijakaa dakika ndefu kama zile. Kisha akapima.

134 kwa 82.

Nilimwambia mashine yake ni mbovu. Akapima tena: 132 kwa 82. Akachukua kipimo changu mwenyewe mkobani, akanifunga: 135 kwa 83.

"Mama, mtu anapopanda ngazi, moyo husukuma kwa nguvu na presha lazima ipande, halafu hushuka," alisema. "Faida ya mazoezi haipimwi ukiwa unahema. Hupimwa umetulia. Wiki zote hizi ulikuwa unapata nafuu, huku unajizika."

Nikamuuliza kuhusu zile ndoo arobaini na nane. Alicheka hadi akajiziba mdomo. Damu ya hedhi, alinieleza, haiendi kujaa popote. Kinachopungua mwanamke anapokoma hedhi ni homoni iliyokuwa ikisaidia mishipa kuwa laini. Mishipa huanza kukakamaa, uzito nao huongezeka, na presha huwapata wengi wetu katika umri huohuo. Kutembea kwa haraka huirudishia mishipa ulaini, ndiyo maana niliagizwa kutembea.

Hakuniacha bila kunikaripia. Hakuna aliyeniagiza ndoo, na namba kubwa kama zile mtu haziandiki daftarini akanyamaza. Ningepaswa kuja zahanati siku ileile.

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele za watu, kilio cha wiki saba.

Mwalimu alikuwa amekaa kando muda wote huo akinitania kwamba kumbe mwanafunzi wake anajua kuandika namba ila hajui kukaa kitini. Ili kunichangamsha, akakunja mkono wa gauni na kumwambia nesi ampime naye, nione presha ya mtu mwenye adabu ilivyo.

Nesi akampima. Akatazama, asiseme namba. Akahamia mkono wa pili, akapima tena.

204 kwa 116.

"Ni ngazi za huyu," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, umekaa hapo zaidi ya nusu saa," nesi alimjibu taratibu. "Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Mwalimu alifikiri. Alisema ni alipojifungua kitinda mimba wake. Huyo kitinda mimba ana miaka thelathini.

"Nipimwe kwa nini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ikiwa ndogo. "Mimi siumwi kitu. Mwili wangu mnauona."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, nao ukanishika kwa nguvu.

Hakuruhusiwa kurudi nyumbani siku ile. Daktari alisema kiharusi kilikuwa kinamnyemelea, na kwamba mtu wa namna yake, mwembamba, mchangamfu, asiyelalamika, mara nyingi huletwa akiwa amebebwa.

Leo anameza dawa kama mimi. Presha yake ilipotulia, daktari alimruhusu kutembea, nasi hutembea pamoja kila asubuhi kabla ya kazi. Ananisahihisha hata hatua.

Ninapoikumbuka siku ile, huwa najiambia hivi: nilikwenda zahanati kuambiwa siku ya kufa kwangu, kumbe nilikuwa nimemsindikiza mgonjwa.

Mama mwenzangu ambaye hedhi imekukoma, tembea, na dawa uliyopewa usiiache. Usijipime ungali unahema. Wala usiache kupimwa kwa kuwa huhemi.