Julai au Januari

Binti yetu alipiga simu siku ya Ijumaa, nimetoka msikitini na bado sijavua kofia. Yeye ni muuguzi, anaishi kaskazini kabisa mwa Ulaya, na huko kazi yake ni kutunza wazee. Alisema amekamilisha taratibu za kutualika, mimi na mama yake, tukakae kwake wiki sita. Jambo moja alituachia sisi: tuchague kwenda majira ya joto, ambayo kwao ni Julai, au majira ya baridi, ambayo ni Januari.

"Kwangu yote sawa, baba. Chagueni nyie."

Sikuona cha kufikiria. Kwetu Singida mtu hatembelei watu wakati wa kilimo. Mgeni wa Januari anakuta wenyeji wako shambani tangu alfajiri na ghala limebaki vumbi. Akiwa na adabu ataomba jembe. Mgeni wa Julai anakuta uwele umeshapurwa, alizeti imeshakamuliwa, kuku wamenenepa kwa kuokota punje uwanjani, na watu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza. Ndivyo nilivyolelewa. Nikamjibu pale pale:

"Julai, mwanangu."

"Sawa, baba," akasema, tukaagana.

Mke wangu alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa.

"Umesikia alivyoitikia?"

"Ameitikia vizuri. Amesema sawa."

"Amesema sawa kama mtu anayechomwa sindano."

Nilicheka, nikaenda kumpa habari jirani yangu. Huyu ni Mnyiramba, mzee wa kanisa, na tumetaniana tangu vichwa vyetu vina nywele nyeusi. Aliposikia Julai alinipongeza kwa namna yake.

"Afadhali, Ustadhi. Upepo wa hapa Mwankoko tu unakuvalisha makoti mawili. Ungekwenda huko Januari ungeganda, wakakufanya jiwe la kusagia."

Basi nikaona jambo limekwisha. Lakini mke wangu hakuliacha. Siku ya tatu, tukinywa uji, aliuliza kama naijua miezi ambayo binti yetu hutupigia simu.

"Hupiga kila mwezi," nikasema.

"Julai hupiga Ijumaa kwa Ijumaa, ana haraka, nyuma yake watu wanacheka. Wanakwenda ziwani, wanachuma matunda porini, jua haliwaishii. Januari hupiga kila siku. Na huuliza nini?"

Nikakumbuka. Huuliza habari za mbuzi. Yule mweupe amezaa? Mapacha? Wananyonya vizuri? Kesho yake anauliza tena, kana kwamba jana hatukuzungumza. Mimi nilikuwa nikimjibu kwa ufupi ili asimalize salio lake.

"Mwanao hana shida na mbuzi," mke wangu akasema. "Mwaka jana aliniambia anatoka kwenda kazini ni giza, anarudi ni giza. Akifika anakaa kitandani na koti lake, hata chai hapiki. Anasema baridi ameizoea, giza ndilo linalomshinda. Akaniomba nisikuambie, utamsomea dua halafu utakosa usingizi."

Mungu anisamehe, nikaanza kutafuta sababu. Nikasema Januari ni palizi, na tangu nimuoe sijawahi kuacha shamba mikononi mwa mtu. Nikasema watoto ninaowafundisha madrasa watasahau walichohifadhi. Mwisho nikaikimbilia elimu yangu. Nikamweleza kuwa huko wakati wa baridi mchana ni mfupi mno, jua linachomoza saa tatu na zaidi na kuzama saa tisa alasiri. Swala za adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana, mtu wa umri wangu atachanganyikiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, kwa maana hata yeye huniita hivyo, "zikibanana zinabaki tano au zinapungua?"

"Zinabaki tano."

"Basi."

Nilikwenda kutawadha nikiwa na aibu. Miaka yote nimewafundisha watu kwamba elimu ya dini ni ya kumsogeza mtu kwenye wajibu wake, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake. Tena niliona kosa langu lilipoanzia. Nilikuwa nimechagua kama mgeni, nikiangalia ni lini wenyeji wana chakula na nafasi. Hatukuwa tunakwenda kwa mtoto wetu kama wageni.

Jioni nilimpigia.

"Mwanangu, tumebadili. Tunakuja Januari."

Nikasikia anavuta kiti. Akakaa kwanza.

"Baba, kuna baridi sana."

"Tuna masweta."

"Na shamba?"

Shamba nilikuwa nimeshamkabidhi jirani. Alikuna kidevu, akauliza nafasi kati ya mistari ya alizeti, akasema: "Nitapanda na nitapalilia. Mistari ikipinda usije ukanililia. Sisi hatukusoma chuoni kwako."

Tuliondoka baada ya mwaka mpya, mvua nzuri ikinyesha, jambo lililozidi kuniumiza. Mke wangu alibeba unga wa uwele na mlenda mkavu uliosagwa, ameufunga mara nne. Tulipofika, theluji ilikuwa imelala juu ya kila kitu, na mimi niliyedhani naijua baridi ya Singida niliona kuwa nilikuwa naujua upepo tu.

Binti yetu alitupokea kwa machozi na makoti mazito. Alikaa nasi siku mbili, siku ya tatu akarudi kazini. Aliondoka giza bado limetanda. Sisi tukabaki na dirisha. Jua lilitokea kwa kuchelewa, likapita chini chini juu ya miti bila kupanda, likaondoka. Kwa kuwa tulikusudia kukaa, hatukupunguza swala wala kuziunganisha kama wafanyavyo wasafiri. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: ile misala ya kuswalia sikuikunja. Adhuhuri tuliswali, tukazungumza kidogo, ikaingia alasiri. Tukanywa chai, ikaingia magharibi. Nyumbani mchana hunipeleka mbali na Mola wangu, shambani, sokoni, kwenye vikao. Huko mchana mzima ulikuwa hatua chache kutoka swala moja hadi nyingine. Nilimshukuru Mungu kwa kunizeesha kabla ya kunionyesha hilo, maana ujanani ningelalamika.

Baada ya magharibi mke wangu alisonga ugali na kupika mlenda. Mimi niliwasha taa ya dirishani ili niisome saa. Saa kumi na nusu tukasikia ufunguo.

Binti yetu aliingia na theluji mabegani. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, ananusa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Funga mlango, mama yako anaganda," nikasema.

"Nimeiona taa tangu barabarani," akasema. "Nimehesabu madirisha mara mbili. Nilidhani ni la jirani."

Mama yake akamvua koti kama alivyokuwa akimvua sare ya shule. Alikula sahani mbili, anaongea na mlenda mdomoni, na hakuuliza habari za mbuzi hata mara moja.

Tangu siku ile kuwasha taa ikawa kazi yangu. Nikimaliza alasiri, kabla jua halijazama, nilikwenda dirishani na kuiwasha. Watoto wangu wote wananijua: katika nyumba yangu taa isiyo na mtu chini yake inazimwa, na nimemkemea kila mmoja wao kwa hilo. Huko niliiwasha juani, kwa wiki sita, na sikuona israfu.

Tuliporudi tulikuta alizeti imefika magotini, imestawi, na mistari imepinda kweli. Jirani alisimama pembeni akisubiri nilalamike. Nilimwambia imepinda kwa unyenyekevu, kama mtu anayerukuu kwenye swala. Akasema huo ndio upandaji wa Kilutheri.

Januari iliyofuata hatukwenda. Simu ilikuja kama kawaida, jioni, nikiwa natoka kupalilia.

"Shikamoo baba. Yule mweupe amezaa?"

Safari hii sikumkatisha. Nilikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, nikamweleza: amezaa mapacha, mmoja ana baka shingoni, mwingine mlafi. Kisha nikamuuliza kama amefika nyumbani.

"Ndiyo kwanza napanda ngazi, baba."

"Kuna giza?"

"Kuna giza. Lakini taa inawaka. Naiacha inawaka tangu asubuhi nikienda kazini." Akaongeza: "Najua utasema nazembea."

"Iache," nikamwambia. "Usiizime."