Minazi ya Akida

Nilikuwepo barazani siku akida wetu, mtu wa pwani aliyewekwa hapa Dodoma na Wadachi kututawala, alipotangaza kwamba atapanda minazi kama kwao. Wapambe wake wakaitikia kwa pamoja: "Naam, Akida!"

Mkalimani wake, Mgogo, ndiye pekee aliyempinga, akasema, "Bwana Akida, ardhi hii hata mtama tunaubembeleza. Na maji ya kisima hayatoshi watu na ng'ombe."

Akida alimnyooshea fimbo. "Wewe mjuaji sana. Nenda kwenu ukalime huo mtama."

Akaenda. Kiangazi kizima wanawake wa kijiji cha Ihumwa wakabebeshwa maji ya kumwagilia minazi, huku ng'ombe wao wakilamba matope. Minazi ikakauka vilevile.

Jamani, mtu mzima anafukuzaje kichwa kinachomzidi, akabaki na midomo ya kuitikia tu?

Juzi nilimkuta Akida amesimama katikati ya miche mikavu, amekunja uso, akiwauliza wapambe wake, "Mbona hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Wakaitikia kwa pamoja: "Kweli kabisa, Akida. Hakuna!"