Kompyuta ya Lynette Iliyochelewa Kuamka

Neno lilianzia kwenye meza za mboga: eti Lynette ameua kompyuta ya watu. Jescah Andati alilisikia Jumatatu akalikana, lakini alilala nalo, akaamka nalo, na obusuma, ugali wake, akauacha sahanini. Leo ameziacha mboga zake, amekuja kujionea.

Saa mbili asubuhi, mwaka huu wa 1996, katika ofisi ya uchapaji karibu na soko la Kakamega, bintiye Lynette anabonyeza swichi. Kompyuta inanguruma. Lynette anaanza kuimba taratibu wimbo wa kanisani. Ndivyo anavyoipima kila siku.

"Ilikuwanga tayari nikimaliza ubeti wa pili," anamnong'oneza mamake. "Siku hizi namaliza wimbo wote, bado imenitolea macho."

Mlangoni, familia iliyofiwa inasubiri kuchapiwa ratiba ya mazishi ya kesho.

"Unaiimbia au unaizika?" anafoka mwenye ofisi, Mzee Phineas. "Nilikupa mashine nzima. Isipopona leo, kesho usije!"

Jescah anashikilia kiti. Tangu mumewe aumie mguu akikata miwa, kazi hii ya Lynette ndiyo inayowasomesha wadogo zake.

Fundi Chrispinus anaingia na disketi mkononi. "Humu mna programu ya kupima inachelewa wapi. Naiweka, iwe inaandika muda kila ikiwaka."

"Fundi wa kwanza alisema hivyo hivyo," Lynette anajibu. "Na wewe mwezi jana. Yote yalianza na disketi ya mteja iliyosahaulika ndani siku moja, mashine ikagoma, mafundi wakaitwa. Tuiwashe hatua kwa hatua kwanza tuone."

"Haya, mwalimu," Chrispinus anamtania. Anawasha upya na kubonyeza F8. Sasa mashine inaomba ruhusa kabla ya kuanzisha kila programu. Lynette anaimba. Ya kibodi inapita. Ya printa inapita. Inayofuata inakwama, ubeti mzima unaisha, taa ndogo inapepesa tu.

"Hiyo ni nini?" Phineas anauliza.

"Ni kipimo, Mzee," Lynette anasoma kwenye skrini. "Cha fundi wa kwanza."

Inayofuata nayo inakwama. Chrispinus anajikuna kisogo. "Hiki... hiki ni changu."

Kila aliyekuja kupima alikuwa ameacha kipimo chake ndani, na kila asubuhi vipimo hivyo vilichunguza diski nzima kabla ya kumwachia Lynette nafasi.

Vinatolewa. Lynette anawasha, anaimba. Ubeti wa pili haujaisha, kompyuta iko tayari.

Phineas anakohoa. "Chapa ratiba ya watu. Na kesho usichelewe."

Jescah anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nataka nijifunze huo ufundi," Lynette anasema, vidole tayari vikikimbia. "Nisingojee tena mtu aje kuniokoa."

Kwa wenye kompyuta na wenye mabinti, Jescah anaonya:

Usiwashe kabla ya kutazama kama kuna disketi ndani.

Usiizime kwa hasira ikiwa bado inaamka.

Usiite fundi wa pili kabla hujajua wa kwanza aliacha nini.

Usimwache fundi aende, kipimo chake kikibaki.

Na ukisikia neno kwamba mtoto wako ameharibu kitu cha watu, usilale nalo. Nenda ukaone.