Fundi Aliyetafuta Mteremko

Fundi wangu haliamini gari kwa kuliangalia. Siku tuliyokwenda kununua lori la jeshi lililostaafishwa, mimi nilizunguka nikigonga bodi na kuiponda bei. Yeye aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akaguna. Mguno wake huwezi kujua ni wa heri au wa shari. Nikanunua, maana bei ilikuwa tamu, na pale mali ikishatoka getini hairudi. Njia nzima alishika usukani kwa vidole vyeusi kwa grisi, na kila tulipotaka kusimama alitafuta mteremko kwanza, pua ya lori itazame chini, ili likigoma kuwaka tuliachie liserereke lenyewe. Penye tambarare alikataa katakata.

"Fundi, kibofu kitapasuka!"

"Jikaze, bosi. Likizima hapa atasukuma nani? Wewe na kitambi chako?"

Nikajikaza. Likifa njiani, akiba yangu yote ingebaki chuma chakavu kando ya barabara, na mke wangu alishaniambia hataki kuliona likiingia uani kwa kuvutwa na kamba. Tulipofika nyumbani nilimwonyesha mteremko ulio nje ya geti. Hata hakuutazama; sasa lori alishaliamini. Aliingia moja kwa moja hadi uani, akaliegesha penye tambarare, pua ikigusa ukuta, akazima injini na kunirushia ufunguo.

"Haya, bosi. Nenda kakojoe."