Leso Moja kwa Masika Mazima

Mawifi wakikaa nyumba moja, ama watagombana ama watapatana. Hawa wawili walifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mke wa mwenye nyumba, na mtaa mzima ulimwita Pini kwa sababu ya pini zilizoshinda mdomoni mwake kutwa. Mwingine alikuwa dada wa mumewe, karani mstaafu wa stoo ya kiwanda cha sabuni. Ndoa ilipomshinda alirudi kwa kaka yake na sanduku moja na ulimi mkali usiohitaji sanduku. Yeye aliitwa Wifi tu, hata na watu ambao hakuwa wifi yao.

Desturi yao ya kupangiana malengo ilianza kwa ugomvi. Masika fulani, wateja hawaonekani na matope yamefunga njia, Wifi alimtazama Pini kwa jicho la pembeni akamwambia, "Wewe tangu nikujue sijakuona ukimaliza kitabu."

"Na wewe hujui kushona hata kifungo," Pini akajibu, pini zikiwa bado mdomoni.

"Nipangie cha kushona, uone."

"Nipangie cha kusoma, uaibike."

Wakapangiana palepale, kwa chaki ya kukatia nguo, upande wa ndani wa mlango wa kabati. Tangu siku hiyo msimu ukibadilika mlango unafutwa, kila mmoja anamwandikia mwenzake mambo matatu: cha kusoma, cha mkono, na cha kuandika. Kwa kuwa walianza kwa kukomoana, waliendelea kwa kukomoana. Wifi alimpangia Pini vitabu vinene vya kuegemezea mlango. Pini naye akamtwisha Wifi mashuka ya viraka, mapazia ya kudarizi, na hadithi ndefu zenye mwanzo na mwisho. Hadithi za Wifi zilikuwa na mtu mbaya mmoja tu, naye kila mara alikuwa fundi cherehani. Katika hadithi moja fundi huyo alicheka akameza pini, na Pini aliisoma mara mbili akicheka mpaka akashika mbavu.

Sheria ilikuwa moja. Mtu akishindwa kumaliza, aliyempangia ndiye anayemalizia. Sheria hiyo aliitaka Pini mwenyewe, maana bila hiyo Wifi angempangia kusoma maktaba nzima.

Basi kabla ya masika haya ninayoyasimulia, Wifi alianza kukonda. Alilalamika tumbo, akasema ni chumvi ya mke wa kaka yake. Walipompeleka hospitali alipimwa, akapimwa tena, kisha daktari akawaita Pini na mumewe kando kwenye korido. Ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Daktari alisema warudi naye nyumbani, wamlishe anachotaka, wakae naye karibu. Pini aliuliza kama atafika mwisho wa mwaka, na daktari akatazama viatu vyake.

"Asiambiwe," mume alisema wakiwa bado wamesimama pale. "Akijua atakata tamaa. Tumwambie ni vidonda vya tumbo."

Pini alitaka kukataa, lakini hakukataa. Tangu siku hiyo pini zilikaa mdomoni hata alipokuwa hashoni, maana mwenye pini mdomoni haulizwi maswali mengi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Wifi akaita kutoka kitandani, "Wewe Pini! Masika hayo! Au unangoja kadi ya mwaliko?"

Pini alifungua kabati, akafuta mlango, akashika chaki. Kile kitabu kinene cha safari alikuwa amekichagua tangu kiangazi, kile ambacho Wifi mwenyewe alikuwa akikikodolea macho rafuni. Lakini chaki ilipogusa mbao, mawazoni akakiona kitabu kimelala kitandani na kipande cha karatasi kikiwa kimechomekwa katikati, na kitanda hakina mtu. Akaandika kitabu kingine, chembamba, cha mashairi ya watoto. Cha mkono, leso moja ya kupiga pindo, na kitambaa chake akamwekea kitandani. Cha kuandika, ukurasa mmoja. Alidhani anafanya huruma, maskini, na alipomaliza alijisikia nafuu kidogo.

Wifi aliomba miwani. Akasoma. Kisha akasoma tena, midomo ikicheza.

"Leso?"

"Leso, wifi yangu."

"Mimi?"

"Nimekuhurumia. Tumbo linakusumbua."

"Tangu lini?" Wifi alivua miwani. "Mwaka ule wa homa, naweweseka, ulinipangia shuka la viraka la kitanda kikubwa. Nilikulaani mpaka likaisha. Leo tumbo tu, unanipa leso?"

Pini akachukua pini tatu mezani, akazibana midomoni.

"Toa hizo pini."

Hakutoa.

"Toa, nakwambia! Daktari alisemaje?"

Pini akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa cha pini alichofunga kwenye kifundo cha mkono. Hakuna hata moja iliyobaki ya kumsaidia. Akasema yote, korido, daktari, viatu vya daktari. "Kaka yako alisema usiambiwe," akamalizia, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa.

"Kaka yangu mwoga tangu tunacheza kombolela," Wifi alisema. "Namjua. Nilikuwa nakuuliza wewe." Kisha akasema taratibu, na hapo ndipo palipouma: "Hukunihurumia mimi. Ulihofia utakuja kumalizia."

Laiti ingekuwa uongo, Pini angejitetea.

Wifi alijikokota hadi kabatini, akafuta nusu yake kwa mkono wa gauni, akarudi kulala akaelekea ukutani. Siku kadhaa hakumsemesha. Uji aliunywa, dawa alimeza, salamu aliitikia kwa kichwa. Mume naye aliporudi kutoka kazini akapandisha sauti, "Umemwambia?" Pini akamjibu kwa hasira iliyomshangaza hata yeye, kwamba Wifi alishasoma mwenyewe mlangoni kabla ya kuambiwa, na kama kaka mtu ana la kusema akamwambie dada yake usoni. Mume akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda cha dada yake, akalia, na dada mtu ndiye aliyembembeleza. Pini aliwasikia kutoka kwenye cherehani, akashona mkono wa shati upande usio wake.

Mvua ilikuwa imeshika kasi siku Wifi alipoita tena. "Pini! Chaki."

Pini alikwenda mbio, karibu ajikwae kwenye zulia.

"Nipangie upya. Nipangie kama adui yako, kama zamani."

Akaandika, machozi yakimchuruzika puani. Kile kitabu kinene cha safari. Shuka la viraka, la kitanda kikubwa. Hadithi nzima, yenye mwanzo na mwisho.

"Bado," Wifi akasema. "Na kazi za vuli."

"Vuli, wifi?"

"Vuli imefutwa? Sijasikia. Andika."

Pini akaandika na za vuli, na kila herufi ilikuwa nzito kuliko gunia. Wifi alizikagua, akaguna, akasema mwandiko wa fundi huyu haujawahi kunyooka, kisha akaomba kitabu.

Akasoma alivyoweza. Macho yalipochoka Pini alimsomea, na Wifi akawa anamkatiza kila ukurasa kumkosoa matamshi. Alikata viraka kwa mkasi mdogo na kuvipanga juu ya tumbo lake. Mikono ikitulia aliandika hadithi, mistari michache kwa siku, akiificha chini ya mto Pini akiingia. Walicheka siku hizo, jamani, na siku nyingine maumivu yalikuwa makali mpaka Pini akatoka uani kujiziba masikio. Alikufa mvua zikiwa zinaelekea kukatika, asubuhi, kaka yake amemshika mguu.

Mume alitaka kufuta mlango wa kabati. Pini alimwambia akithubutu atakula kwa majirani.

Alimalizia kitabu kwanza. Kikaratasi kilikuwa kabla kidogo ya katikati, na alisoma kwa sauti katika chumba kitupu, akikosea matamshi, hakuna wa kumkosoa. Kisha akashona shuka, na vuli ilipoanza lilikuwa limetandikwa. Kwenye viraka alivyoachiwa na Wifi alikuta kipande cha ile leso iliyofutwa mlangoni, kimewekwa katikati kabisa.

Ikabaki hadithi. Aliikwepa kwa visingizio vya kila aina, sare za shule, gauni za harusi. Mvua ya kwanza ya vuli ilipomfukuzia wateja, akaketi nayo mezani. Fundi cherehani alikuwemo, bila shaka, ila safari hii hakuwa mbaya sana. Alikuwa anajua jambo, na mgonjwa wake alikuwa akimtazama, akingoja. Mwandiko ulizidi kulegea mstari kwa mstari, na wa mwisho ulisema: *Fundi akatoa pini mdomoni, akasema*

Hapo Wifi alikuwa ameishia.

Pini aliandika, "Utapona." Akakata. Akaandika, "Ni vidonda vya tumbo tu." Akakata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Mvua iligonga bati, cherehani imefunikwa, na mdomo wake ulikuwa mtupu, hauna hata pini moja. Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wake usionyooka: "Wifi, utakufa, na mimi naogopa kubaki. Nipangie cha kufanya."