Kufuli ya Seva ya Mazwi

Siku ile tulikuwepo wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa likizo kutoka chuo, mama mwenye kampuni ya kununua mahindi, na karani wake wa ofisi ya Mazwi, hapa Sumbawanga mjini. Wa tano, mtunza ghala wa Laela, tulikuwa naye kwenye simu tu.

Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa mjini, kila mmoja na ghala lake. Maghala ya mama yule yalitumia pasiwedi moja kwenye mfumo wa mizigo. Ikibadilishwa, karani aliitaja kwenye simu kwa Kifipa, kwa sauti, mbele ya wateja, akiamini hiyo ndiyo siri. Sumbawanga hii! Hata wafugaji waliohamia kutoka kaskazini walikuwa wameshajua kuhesabu kwa Kifipa sokoni. Mtu asiyejulikana akaingia kwenye mfumo, na mama akaamua kuita fundi wa Mbeya.

Nikamwomba anipe siku moja kwanza. Nilikuwa kibarua wake wa kusafisha kompyuta. Shule niliiacha wazazi walipofariki, wadogo zangu waendelee, na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nilijifunzia kwenye mashine mbovu zilizotupwa. Nikifaulu, kazi ya ufundi ingekuwa yangu. Nikishindwa, ya fundi wa Mbeya.

Programu niliyoichagua ilikaa kwenye seva yetu wenyewe. Unaandika pasiwedi, inakupa linki. Mwenzako akiifungua mara moja, inafutika. Mdogo wangu alinisomea maelekezo ya Kiingereza, mimi nikaandika amri. Ukurasa ukafunguka, lakini bila alama ya kufuli, maana yake siri ingesafiri uchi.

"Si imefunguka, dada?" karani akasema. "Twende tukale."

"Wewe nyumbani unalala bila komeo?" nikamuuliza.

Nilijaribu kuweka kufuli, ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Mama akaanza kuitazama simu yake. Ndipo nikaona saa ya seva: betri yake ndogo ilikuwa imekufa, na mashine ilidhani bado tuko miaka ya nyuma, wakati kufuli haikubali tarehe isiyo sahihi. Nikairekebisha saa, nikarudia amri. Kufuli ikatokea.

Karani akatuma linki Laela. Simu ikalia, mtunza ghala.

"Nimeiona! Nikaifunga ili nimwite mwenzangu naye aje aone. Tumerudi, haipo!"

Karani akavuta pumzi amtajie kwa Kifipa. Mama akamziba mdomo kwa kiganja. "Ishia hapo hapo! Tuma nyingine."

Ya pili ikamwingiza. Mama akampigia fundi wa Mbeya kumwambia asisumbuke kuja, kwani fundi anaye. Mdogo wangu akapiga vigelegele hadi watu wa duka la jirani wakachungulia. Sikumnyamazisha.

Jioni mama yangu mdogo akapiga simu kutoka kijijini Msanzi, ambako siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya kusaidiana kufukia nyasi kwenye matuta ziwe mbolea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Hongera, mwanangu. Sehemu yako tumeiruka. Nyasi zimesimama."

"Nitatuma kibarua."

"Mlipobaki yatima, mimi nilituma kibarua?"

Matuta ya siku ile nilikwenda kuyapiga Jumapili baada ya misa, mikono ikaota malengelenge. Yale aliyotupigia yeye, misimu ile sisi tukiwa wadogo na majembe yametuzidi urefu, hayo bado nadaiwa.