Shimo Ambalo Sikulichimba

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: Jumapili niliyoshindana bei na muuza ndizi, nikadhani nimeshinda.

Nilikuwa machimboni, ng'ambo ya Kilgoris. Nasikia nawe, mtoto wa jirani yangu, umeshafunga begi kwenda kutafuta dhahabu. Basi kaa kidogo. Kutoka mlima wetu huu wa Kebirigo, mimi ndiye niliyetangulia. Kabla yangu hakuna aliyekwenda huko, na baada yangu walikuja kumi na wanne. Nimewahesabu mara mbili. Waliorudi na kitu cha kuonyesha ni wawili, na mmoja wao alichoonyesha ni kikohozi.

Nyumbani nilikuwa mtoto wa kiume peke yangu. Mama alitutoka nikiwa darasa la tano, dada zangu watatu wakaolewa mmoja mmoja, tukabaki Tata na mimi. Tata, yaani baba, alikuwa mtu wa majani chai na kanisa la Wasabato. Maneno aliyoyasema kwa siku nzima yangeenea kiganjani. Hata chumvi tuliombana kwa kidole. Nilipomwambia naenda kuchimba dhahabu, alinitazama, akasema, "Jembe lipo hapa pia." Nikaenda.

Kule tulikuwa wanane katika shimo moja. Tulichimba miezi mitano bila kuona kitu, kisha mwamba ukaanza kumetameta. Sheria ya shimo letu ilikuwa moja: mawe yakishapanda juu, kila mtu hupewa magunia yake akiwa amesimama pale. Aliyeondoka, hata kama ameenda chooni, hana lake. Tulipanga kugawana Alhamisi.

Jumapili hiyo akaja Mama Kemunto, jirani yetu aliyekuwa akileta ndizi machimboni. Akatua kikapu, hata jasho hajapangusa.

"Wewe, babako anakuita. Uje kesho."

"Ana nini?"

"Ana miaka. Anakaa tu nje kwenye kiti, hafiki tena kwenye chai yake. Amesema uje kesho."

"Mwambie nitakuja Ijumaa."

"Amesema kesho."

"Basi Alhamisi jioni, mama. Nipunguzie kidogo, nami nimepunguza."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Kijana, mimi nauza ndizi, siuzi siku. Mwenye siku ni babako, na sidhani amebaki na nyingi."

Nikanunua ndizi sita, nikamwomba ya saba ya nyongeza, akanipa. Kumbe ndiyo pekee niliyopata siku ile. Alhamisi jioni nayo niliirudisha kuwa Ijumaa, maana mawe yalikawia kusagwa.

Magunia yangu manne yaliposagwa na kuoshwa, dhahabu ilikaa juu ya ukucha wa kidole hiki kidogo, na nafasi ikabaki. Nilifika Kebirigo Ijumaa, jua limeanza kuinama. Nikipanda njia ya kwetu nikapishana na watu wakishuka na viti vya kanisa vichwani. Wachache walinisalimu. Wengi walitazama chini. Hakuna aliyeniuliza habari za dhahabu.

Baba mdogo nilimkuta uani akinawa udongo mikononi.

"Alilala Jumatano," akasema. "Leo tumekungoja mpaka saa nane. Sabato inaingia, na Sabato haipunguzwi."

Kwetu, mwanangu, udongo wa kwanza wa kaburi la mzee hutupwa na mwanawe mkubwa. Wa Tata ulitupwa na binamu yangu. Katika maisha yangu nimechimba mashimo kumi na saba, nimehesabu, nikarudia. La baba yangu halimo.

Nikauliza alikuwa akiniitia nini.

"Hakutaka dawa," baba mdogo akasema. "Alitaka mtembee shambani, akuonyeshe mahali pa kujenga. Nilimwambia anionyeshe mimi, akakataa. Akasema hayo ni ya mtu na mwanawe."

Nilijenga, ndiyo. Kwanza kule juu kwenye migomba, nikabomoa, nikaja hapa karibu na mto. Mpaka leo, asubuhi nyingine natoka na kikombe changu, natazama shamba lote, na sijui kama nimekaa alipotaka. Mke wangu alikuwa akiniambia niache, nyumba ni nyumba. Naye sasa hayupo wa kuniambia. Watu husema nimeuzoea upweke. Sijauzoea, nimechoka tu kuulalamikia.

Sikukatazi kwenda. Nikikukataza utakwenda vilevile, nami nitakuwa nimepoteza maneno. Lakini mzazi wako akituma neno, usimpangie siku. Inuka na nguo ulizovaa, uache gunia, uache na shimo, uje. Ukikuta hana shida yoyote, mnywe chai, urudi. Hasara hiyo utaimudu. Na leo, kabla hujapanda gari, mwombe babako mtembee shambani, hata kama kujenga bado kuko mbali. Anza wewe kuuliza. Wako wazee ambao neno lao kubwa hulisema wakiwa wanatembea tu, tena na mtu mmoja tu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukuita nyumbani, na akikuita, akufikishe angali ana sauti ya kuitikia hodi yako.